Nampeleka baba Oman kuona ngome: tuanzie wapi, na njia gani ya jangwani anaiweza mtu wa miaka 67?

BintiMwalimu, Tandika

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote.

Baba yangu amefundisha historia hapa Temeke miaka 34. Waliopita mikononi mwake wanajua anavyosimulia Wareno walivyoondolewa Fort Jesus mwaka 1698: anachora ngome ubaoni, anaweka alama mahali jahazi zilipotia nanga, anashusha sauti akifika kwenye njaa ya waliozingirwa. Nje ya nchi amefika Mombasa tu, mara moja, na ngome ile aliizunguka siku nzima.

Sasa amestaafu. Kaka yetu anafanya kazi Maskati, ametutumia tiketi tatu: ya baba, yangu, na ya mdogo wetu wa miaka 22. Tunaondoka wiki ya pili ya Desemba, tunakaa siku nane. Baba anataka kuona walikotoka Waomani wale aliokuwa akifundisha habari zao. Mdogo wetu anataka milima na makorongo. Mimi ndiye ninayepanga, na kila ninaposoma nakuta picha za mchanga na ngamia basi.

Hali ya baba ni hii: magoti. Ngazi ya ghorofa mbili anapanda, akishika ukuta, anapumzika katikati, anaendelea. Presha anayo na dawa anakunywa vizuri. Kutembea tambarare hana shida, asubuhi huwa anatoka Tandika mpaka Uwanja wa Taifa na kurudi.

Naomba aliyefika mwenyewe anisaidie. Ngome zipi anaziweza? Mdogo wetu atembee wapi bila kutupa presha sote? Na je, kuna haja ya kwenda kwenye mchanga, au huko ni kwa watalii tu?

MzeeWaBoza

Marahaba binti, na mpe Mwalimu salamu zangu.

Nimeendesha boza la maji Nizwa, mji wa bara kule Oman, kuanzia 2009 mpaka 2015. Nilikuwa napeleka maji kwenye kambi za ujenzi na vijiji vya juu. Leo nina boza langu, nauza maji Goba na Madale. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa maji, na naamini ndiyo njia nzuri ya kuiona nchi ile.

Usianze na mchanga. Jangwa la kule ndani, sehemu kubwa, ni mawe na milima: safu ya Hajar, rangi ya kahawia iliyoungua, mti mmoja hapa mwingine kule. Katikati ya ukavu huo unakata kona, unakuta minazi, samahani, mitende, imesongamana kijani kibichi kama shamba la Mkuranga. Palipo na kijani hicho utaona na ngome. Hakuna aliyejenga ngome pale kwa sababu ya mandhari. Walijenga ili kulinda maji. Mwalimu akifika kwenye ngome yoyote, kabla ya kuuliza ilijengwa na nani, aulize maji yake yanatoka wapi. Jibu lake litamfungulia mengine yote.

Maji hayo huja kwa falaj. Ni mfereji unaoanzia kwenye kisima mama chini ya mlima, unapita chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana, wakati mwingine kilomita kadhaa, mpaka unachomoza kijijini wenyewe bila pampu wala mashine. Juu ya ardhi unaona mashimo yamepangwa mstari, ndiyo waliyoshukia mafundi kuchimba na kusafisha. Mtu wa Kilimanjaro aliyekua na mifereji ya Wachaga atauelewa upesi. Ukichomoza, maji ya kwanza ni ya kunywa, kisha msikiti na pa kuogea, kisha mitende, mwisho mashamba ya msimu. Na kila mwenye shamba ana zamu yake kwa saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Wazee wa Nizwa walinisimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud alipita nchini mwao akawaamuru majini wachimbe mifereji ile, na ndiyo maana aina ya chini ya ardhi huitwa daudi. Mitano kati yake iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Basi siku ya kwanza, mkitoka Maskati kwenda Nizwa, simameni Birkat al Mawz. Jina lenyewe ni birika la ndizi. Falaj al-Khatmeen inapita pale, mmoja wa ile mitano, na inagawanyika katika mikondo iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa. Njia yake ni tambarare, kivuli kipo, Mwalimu atatembea bila kushika ukuta. Nilikuwa nikimaliza kazi nakaa pale nasikiliza maji. Mtu anayeuza maji kwa ndoo huwa anasikia tofauti.

Sasa Nizwa. Mnara wake wa mviringo una urefu unaokaribia mita 30, na sehemu ya chini imeshindiliwa mawe na udongo ili mizinga isiuyumbishe. Aliujenga Imamu (ndivyo walivyomwita mtawala wao) Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, yule yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Ngazi ya kupanda juu ni nyembamba, inapinda, kila kona ina mlango mzito, na juu ya kila mlango kuna tundu. Adui akikwama mlangoni alimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Usidhani ni hadithi: nenda kaone ghala la tende, sakafu ina vijia vya kuchuruzia asali mpaka kwenye mtungi. Magunia yalipandanishwa, uzito wake ukakamua. Chakula na silaha kutoka ghala moja.

Magoti ya Mwalimu hapa yatafanya kazi. Apande taratibu saa mbili asubuhi, kabla ya makundi, nawe uwe nyuma yake na si mbele. Akichoka katikati hajapoteza kitu, maana vyumba vya chini ndivyo vyenye mambo. Mkiweza fikeni Ijumaa, asubuhi kuna mnada wa mbuzi pembeni ya ngome: wauzaji wanazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamekaa, bei inatajwa kwa sauti.

Kama angekuwa baba yangu, lakini, siku nzima ningempa Jabrin.

Jabrin ni jumba lenye ngome karibu na Bahla, lilijengwa na Bil'arab bin Sultan, mtoto wa huyo huyo aliyejenga mnara wa Nizwa. Dari zake zimechorwa maua na maandishi kwa rangi, hata leo unaona nyekundu yake. Falaj inaingia mpaka ndani ya jengo. Ghorofani kuna chumba cha farasi wa Imamu. Na juu kabisa palikuwa na madrasa, maana Bil'arab aliwakusanya wanafunzi na wanazuoni pale. Mwalimu atakaa kwenye chumba cha darasa cha karne ya 17. Ndugu yake Bil'arab, Saif bin Sultan, alimgeukia, akamzingira ndani ya jumba hilo hilo, na Bil'arab akafia humo. Kaburi lake limo humo. Saif ndiye aliyeshika uimamu, na ni majeshi yake yaliyoiteka Fort Jesus mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kwa hiyo hadithi anayoichora Mwalimu ubaoni ina mlango wa nyuma, na mlango huo uko Jabrin. Mimi sikusoma sana, niliambiwa haya na mlinzi mmoja tukinywa kahawa, nikayashika kwa sababu nami nina kaka tusiyeongea.

Ngome ya Bahla iko jirani, kama kilomita 40 kutoka Nizwa. Ni kubwa, ya matofali ya udongo, na ukuta wake unazunguka mji na mitende kwa kilomita 12 hivi. Iliingia urithi wa dunia mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya hatari, haikutolewa mpaka 2004. Kilichokuwa kikiila ni mvua, kila msimu ukipita ukuta mwingine unameguka. Ndani maelezo ni machache, vyumba vitupu, ngazi nyingi zisizo na pa kushika. Mwalimu aitazame kutoka barabarani jioni, jua likiwa linamulika ukuta, inatosha.

Mdogo wenu apelekwe Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, kama mita 3,000. Kilele cha juu kabisa ni eneo la jeshi, asijisumbue nacho. Njia inayomfaa ni ile ya miguu inayoitwa W6, inaanzia kijiji cha Al Khitaym, inafuata ukingo wa korongo mpaka kijiji kilichohamwa chini ya mwamba. Kwenda ni kilomita 4 hivi, kwenda na kurudi saa nne mkienda kwa starehe. Haina mlima mkali, inapanda na kushuka kidogo, na mawe yamepakwa alama za rangi njano, nyeupe na nyekundu. Upande mmoja ni genge la mamia ya mita na hakuna kizuizi. Anayepiga picha asimame kwanza, asitembee huku anaangalia simu. Kijijini utaona nyumba zimejibana chini ya mwamba na vipando vya ngazi walikolima. Huwezi kuamini mtu aliishi hapo mpaka uone maji yanayodondoka nyuma yake.

Mwalimu anaweza kwenda naye dakika ishirini za mwanzo, akae kwenye jiwe aone korongo lote, kisha arudi nawe. Dogo abebe mkate wake ndani ya begi lililofungwa, mbuzi wa pale hawana haya. Kuna wenyeji wanauza mazulia ya sufu, nunueni. Na jaketi! Desemba usiku kule juu ni baridi kuliko Lushoto, kuna siku maji yaliganda kwenye mpira wa boza langu.

Maji ya kunywa: mtu anayetembea hesabu lita 4 kwa siku, hata kama hasikii kiu, maana jasho linakauka kabla hujaliona. Mwenye dawa ya presha amuulize daktari wake kabla ya safari, kuna dawa zinazotoa maji mwilini.

Nimeacha la muhimu kuliko yote mpaka mwisho ili ulisome umetulia. Sisi wa Dar tuna Jangwani yetu, na wote tunajua Jangwani ndipo Msimbazi unapofurika, magari yanageuzwa, watu wanapandisha magodoro juu ya paa. Ukienda jangwa la watu, beba akili hiyo hiyo. Bonde kavu linaitwa wadi. Mwezi mzima ni mawe na vumbi, watu wanaegesha humo wachome nyama. Mvua ikinyesha milimani, kilomita nyingi kutoka ulipo, udongo ule haunywi maji. Yote yanashuka.

Mwaka 2013 nilifika kwenye kivuko cha wadi na boza limejaa, tani kadhaa, mbingu ya bluu juu yangu. Mzee mmoja mfugaji alinyoosha fimbo kwenda mlimani, kulikuwa na wingu moja tu, jeusi, mbali. Akaniambia kaa. Nilikaa kwa sababu ya heshima, nilikuwa nachelewa. Hazikupita dakika kumi na tano nikasikia kama lori linalomwaga kokoto. Maji ya kahawia yalikuja yamebeba mitende mizima na friji. Boza langu lingebebwa kama kopo. Na Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo kule Samad al Shan yalichukua watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Wadi ikiwa na maji yanayokimbia, hata ya kifundo cha mguu, msivuke. Sheria yao yenyewe inakataza. Mkiona wingu juu ya milima, siku hiyo hakuna wadi, mtakwenda sokoni. Kaka yenu aangalie utabiri kila asubuhi.

ShangaziKariakoo

Mwanangu, mzee amesema yote ya Nizwa, mimi naongeza Ibra tu, upande wa Sharqiya. Familia nyingi za Kiarabu mlizozizoea hapa Kariakoo na Unguja walitoka huko. Bibi mzaa mama alizaliwa Ibra akaja huku mtoto wa miaka sita.

Kuna mtaa wa zamani unaitwa Al Minzfah. Majumba marefu ya udongo na mawe, matao, milango ya nakshi. Mengine yamebomoka, paa limeanguka ndani. Nilipofika mara ya kwanza nilisimama mbele ya mlango mmoja nikalia, nilihisi niko Unguja Mji Mkongwe ila bahari wameiondoa. Nikiwa pale akapita bibi mmoja na kanga kichwani chini ya ushungi, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri cha kizamani, "Mbona unalia, mwanangu, umepotelewa?" Nikaenda kwake nikanywa chai ya tangawizi. Msishangae mkisikia Kiswahili dukani. Msiingie nyumba iliyo wazi bila kuuliza, zina wenyewe hata zikiwa magofu. Mkifika Jumatano, kuna soko la wanawake, wauzaji na wanunuzi wote wanawake, wewe ingia, baba na mdogo wako wasubiri msikitini.

Kabla hamjaondoka, mpeleke baba yako pale Boma la Kale, Sokoine Drive, karibu na bandari. Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alilijenga miaka ya 1860 kwa wageni wake. Autazame mlango wake vizuri. Kisha auweke moyoni mpaka afike Al Minzfah.

Kuhusu mchanga: kutoka Ibra si mbali mpaka Bidiyah, ndipo matuta ya Sharqiya Sands yanapoanzia. Nendeni usiku mmoja tu, na mtu wa pale. Msiingize gari la kukodi wenyewe. Wenyeji hutoa upepo kwenye matairi kabla ya kukanyaga mchanga, wanajua tuta lipi gumu na lipi linakula gari. Baba atakaa chini ya nyota, na magoti hayatalalamika. Mimi sikubaliani kwamba mchanga ni wa watalii. Ule ukimya nimeusikia huko tu.

KijanaWaPugu

Dada, kwa ajili ya dogo: asiende na raba mpya. Avae hizo hizo kuanzia sasa. Kila Jumamosi tuna kikundi tunatembea msitu wa Pugu upande wa Kisarawe, aje, kujiunga ni bure. Na kabla ya Desemba apande angalau mara moja kutoka Morogoro mjini mpaka Morningside, pale kwenye jengo la Wajerumani milima ya Uluguru. Akishuka bila kuumwa vidole, W6 ataimudu.

Aweke ramani kwenye simu akiwa bado na intaneti, kwenye korongo mtandao unakatika. Filimbi pia. Elfu mbili tu, ila ukiteguka mguu nyuma ya mwamba sauti yako haifiki.

BintiMwalimu

Nimewasomea baba majibu yote baada ya magharibi. Kwenye habari ya Jabrin alinikatiza, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la maandalio la mwaka 1987. Ameandika humo "Seif bin Sultan, 1698", na ya ndugu yake hakuna. Amekaa nalo mpaka saa nne usiku. Leo asubuhi ameniambia wanafunzi wote hao aliwapa nusu ya hadithi, na anataka kuongeza mstari huo akiwa ndani ya jumba lenyewe.

Tumepanga hivi: Birkat al Mawz na Nizwa, tukilala Nizwa Alhamisi ili Ijumaa tuwahi mnada. Jabrin siku nzima. Jebel Shams siku moja. Ibra, usiku mmoja Bidiyah, kisha tunarudi kwa kaka. Boma la Kale tunakwenda Jumapili hii. Dogo ameshamtafuta KijanaWaPugu.

Mzee, baba ana swali moja. Je, maji ya falaj anaruhusiwa kuyagusa? Anasema hataki kuwa mgeni anayechafua kisima cha watu.

MzeeWaBoza

Anaruhusiwa, na swali lake lingewafurahisha wale wazee.

Pale maji yanapochomoza kwanza ni ya kunywa. Hapo asiingize mguu wala asinawe, achote kwa mkono au kwa kikombe. Ayafuate yanavyotiririka, atapita msikiti, atapita vijumba vya kuogea, vya wanaume mbali na vya wanawake. Akishavipita hivyo, mfereji unaingia mitendeni, na hapo atakuta watoto wametumbukiza miguu. Avue viatu akae nao. Asifungue wala kuziba kijia chochote hata akiona maji yanamwagika, kila tone lina zamu ya mtu.

Akimaliza aniandikie hapa kama bado kuna ule mtende ulioinama juu ya mfereji, kushoto ukitoka kwenye boma la pale Birkat al Mawz. Nilikuwa nikiweka chupa yangu ya chai kwenye shina lake.